Mbwa wadogo wa kupakatwa: Je, wanafaa nyumba yenye watoto?

Na MWANDISHI WETU

KWA miaka mingi, mbwa katika nyumba nyingi za Kenya amekuwa askari wa zamu. Makao yake ni uani, chakula chake ni makombo na ugali uliosalia, na wasifu wake huandikwa langoni kwa maneno mawili tu: 'Mbwa Kali'. (Sarufi ya kibao hicho tuwaachie walimu wa Kiswahili.)

Hali hiyo imeanza kubadilika, hasa mijini. Katika nyumba za ghorofa za Kilimani, Kileleshwa, Nyali na kwingineko, ambako hakuna ua wala lango la mtu binafsi, wapo sasa mbwa wasiolinda chochote. Ni wale wadogo wenye manyoya laini, wanaolala kochini na kubebwa kwapani mithili ya mkoba. Tunaweza kuwaita mbwa wa kupakatwa, kwa kuwa kazi waliyozalishiwa tangu jadi ni kukaa mapajani mwa binadamu na kumliwaza.

Aghalabu anayeomba aletewe mbwa wa aina hii ni mtoto. Na mzazi anapokubali, husukumwa na hoja moja inayoonekana haina kasoro: mtoto ni mdogo, mbwa naye ni mdogo, basi watafaana.

Hoja hiyo ina walakini mkubwa. Udogo wa mbwa haumfanyi awe salama kwa mtoto. Kwanza humfanya mtoto awe hatari kwa mbwa, na mbwa aliyeumizwa au kutishwa hujitetea kwa silaha pekee aliyo nayo, yaani meno.

MIFUPA MITHILI YA NJITI

Tuanze na uzani. Kwa mujibu wa viwango vya wafugaji wa Marekani, Chihuahua aliyekomaa hapaswi kuzidi kilo 2.7. Pomeranian huwa kati ya kilo 1.4 na 3.2, naye Maltese huwa chini ya kilo 3.2. Pakiti ya unga wa ugali tunayonunua dukani ina kilo 2. Mtoto wa miaka 3 ana takriban kilo 14.

Mtoto huyo anapojikwaa na kumwangukia Chihuahua, ni kana kwamba mtu mzima wa kilo 70 ameangukiwa na ng'ombe wa kilo 350. Mtoto hakukusudia ubaya wowote. Hata hivyo, mfupa wa mbwa haujui nia ya mtu.

Jeraha ambalo madaktari wa mifugo wamelizoea mno kwa mbwa hawa ni kuvunjika kwa mifupa miwili ya mguu wa mbele, ile iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Haihitaji ajali ya gari. Mbwa huruka kutoka kochini, au huponyoka mikononi mwa mtoto aliyembeba akiwa amesimama, na mfupa huvunjika palepale. Matibabu nayo si mepesi: katika mbwa wadogo mno, mishipa inayopeleka damu kwenye sehemu hiyo ya mfupa ni michache, hivyo mfupa huchelewa kuunga. Mara nyingi plasta peke yake haitoshi na daktari hulazimika kumfanyia upasuaji na kumtia kipande cha chuma.

Chihuahua wengi, fauka ya hayo, huishi na utosi usiofunga kabisa, sawa na ule wa mtoto mchanga. Mzazi anayemkataza mwanawe mkubwa kugusa utosi wa mdogo wake angepaswa kutoa onyo lilo hilo kuhusu mbwa, lakini ni wangapi wanaofahamu jambo hili siku wanapomnunua?

Watoto wa mbwa wa aina hizi wana udhaifu mwingine usioonekana kwa macho. Miili yao haina akiba ya kutosha ya sukari, na wakikaa saa kadhaa bila kula, hulegea, hutetemeka na huweza hata kuzirai. Hulazimu kulishwa mara tatu au nne kwa siku. Mtoto anayecheza naye asubuhi kutwa, akamsahaulisha chakula na usingizi, huweza kumuua kwa mapenzi.

Kisha kuna vile vinavyodondoka mezani. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na kiasi ambacho mbwa wa kilo 30 angekimeza bila tabu kubwa huweza kumlaza mahututi mwenzake wa kilo 2. Vitunguu, ambavyo havikosekani katika mchuzi wetu, huharibu chembe za damu yake. Sukari mbadala iitwayo zailitoli, inayotiwa katika baadhi ya chingamu, hushusha sukari mwilini mwake kwa kasi ya kutisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali. Mtoto wa miaka 3 au 4 hupenda kugawana. Ndiyo tabia tunayomfundisha.

MENO NI MENO

Hadi hapa tumemtetea mbwa. Upande wa pili wa shilingi ni mtoto mwenyewe.

Wengi hudhani kuwa kuumwa na mbwa mdogo ni mzaha. Ni kweli kwamba hana nguvu ya taya aliyo nayo mbwa wa polisi. Lakini watoto wadogo huumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni, kwa sababu huko ndiko mdomo wa mbwa unakofika, na kwa sababu wao hupeleka uso karibu na mnyama. Mbwa wa kupakatwa akiwa kochini au mapajani mwa mama yupo sambamba kabisa na jicho la mtoto aliyesimama. Jino dogo likipata kope au mdomo, kovu lake si dogo.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, akiwemo James Serpell, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu maelfu ya mbwa wa koo mbalimbali. Miongoni mwa koo zilizoongoza kwa ukali dhidi ya watu zilikuwa Dachshund, Chihuahua na Jack Russell Terrier. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayefika magotini mwa mtu mzima.

Je, wamezaliwa wakali? Nasaba ina mchango wake, lakini uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa wamiliki zaidi ya 1,200 katika jiji la Vienna, Austria, na kuchapishwa mwaka 2010, unatoa jibu ambalo wazazi wanapaswa kulitafakari. Wenye mbwa wadogo walionekana kuwafunza mbwa wao kwa nadra kuliko wenye mbwa wakubwa, kucheza nao kidogo na kutokuwa na msimamo mmoja katika kuwaelekeza. Mbwa wao nao walikuwa na utiifu mdogo na wepesi zaidi wa kupandwa na hasira.

Mtu akiwa na mbwa mkubwa anayewarukia wageni, humwita mkufunzi au humfunga. Wa kupakatwa akifanya vivyo hivyo, watu hucheka na kumpiga picha. Akinguruma anapoguswa, huambiwa 'ana maringo'. Wahenga waliosema mchezea mbwa huingia naye msikitini waliliona hili zamani, ingawa nadhani hawakuwa wakimfikiria Pomeranian.

Mbwa huyo anapoishi na watu wazima pekee, kasoro hiyo huvumilika. Mtoto anayetambaa anapoongezwa nyumbani, mambo hubadilika. Mtoto huvuta mkia, hung'ang'ania sikio, humkumbatia mbwa shingoni na hufukuzana naye chini ya meza hadi pembeni ambako hakuna njia ya kutokea.

Jambo la kusikitisha ni kuwa mbwa, katika hali nyingi, huonya kabla ya kuuma. Hupiga miayo ilhali hana usingizi, hujilamba pua, hugeuza uso kando, weupe wa jicho lake huanza kuonekana, mwili hukakamaa. Hunguruma baadaye, na kuuma huja mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wakiongozwa na Kerstin Meints, wamechunguza jinsi watoto wanavyozisoma ishara hizo. Waligundua kuwa baadhi ya watoto wadogo wanapoonyeshwa mbwa aliyekenua meno kwa hasira, husema mbwa huyo anatabasamu. Hivyo mtoto humkaribia, pengine ambusu, wakati ambapo angepaswa kurudi nyuma.

Hapa kuna kosa ambalo hufanywa hata na wazazi makini: kumpiga mbwa kwa sababu amemngurumia mtoto. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kila anapoonya hujifunza kutoonya. Siku nyingine atauma kimya kimya, na jamaa watashangaa kwamba ameuma 'bila sababu'. Anaponguruma, mwondoe mtoto kwa utulivu, kisha utafute kilichomkera mbwa. Pengine ni chakula. Uchunguzi uliofanywa Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2007 kuhusu mbwa waliowauma watoto ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka 6 waliumwa zaidi mbwa alipokuwa akilinda kitu chake, na kwamba wengi wa mbwa hao hawakuwa wamewahi kumuuma mtoto hapo awali.

SI WOTE WALIO SAWA

Ingekuwa dhuluma kuwatia mbwa wote wadogo katika kapu moja. Tofauti iliyopo kati ya mbwa wa kilo 2 na wa kilo 7 ni kubwa kwa mtoto kuliko inavyoonekana kwa mtu mzima.

Wale wadogo kupindukia, yaani Chihuahua, Pomeranian na Maltese, kwa maoni yangu hawafai nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, na pengine hata 7 ikiwa mtoto ni mtundu. Wafugaji wengi makini ng'ambo hukataa kabisa kuwauzia watu wenye watoto wa umri huo, na hawafanyi hivyo kwa kuringa.

Shih Tzu, mwenye kati ya kilo 4 na 7, ana mwili uliojengeka zaidi na aghalabu ni mpole, ila manyoya yake yanahitaji kuchanwa karibu kila siku. Bichon Frise naye ni mchangamfu na mvumilivu. Spitz wa Japani, yule mweupe pepepe aliyeendelezwa nchini Japani katika miaka ya 1920 na 1930, si mgeni tena katika mitaa ya Nairobi. Ni imara kiasi cha kustahimili michezo ya mtoto wa shule ya msingi. Ubaya wake ni kubweka. Majirani wa ghorofa ya juu na ya chini watakueleza zaidi.

Pug hupendwa na watoto kwa sura yake ya kuchekesha na moyo wake mkunjufu. Lakini pua yake bapa humnyima pumzi, na joto humlemea upesi. Anayeishi Mombasa, Malindi au Lodwar asimchukue ikiwa hana namna ya kumpoza mchana, na asimruhusu mtoto kumkimbiza juani.

Pengine anayesifiwa zaidi kwa upole kwa watoto ni Cavalier King Charles Spaniel, mwenye kati ya kilo 6 na 8. Kwa tabia, sifa hizo anazistahili. Kwa afya ni hadithi nyingine: nasaba hii huandamwa na ugonjwa wa vali za moyo pamoja na maradhi yatokanayo na fuvu lililo dogo kuliko ubongo. Nchini Norway, mahakama iliamua mwaka 2022 kuwa kumzalisha mbwa huyu kwa namna ilivyozoeleka kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2023. Mtoto atakayempenda huenda akamwona akihema kwa shida kabla ya wakati wake.

NANI ATAWAANGALIA?

Madaktari wa watoto na wa mifugo kote duniani wanakubaliana juu ya kanuni moja: mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa dakika chache, hata mbwa awe mpole kiasi gani. Kanuni hii huandikwa kwa wepesi. Kuitekeleza katika nyumba ya Mkenya wa mjini ni kibarua.

Baba na mama huondoka alfajiri kuepuka msongamano wa magari na kurejea jioni. Anayebaki ni yaya. Basi mtu anaposema kuwa mtoto na mbwa 'wataangaliwa', maana yake ni kuwa yaya, ambaye tayari anapika, anafua, anapiga deki na kumlisha mtoto, ameongezewa kazi ya kusoma masikio ya mbwa. Mara nyingi hakuulizwa wala mshahara wake haukuongezwa.

Huenda akawa anaogopa mbwa kutokana na kisa cha utotoni. Huenda akawa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani, ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumlazimisha aishi na mbwa anayelamba sakafu na vyombo ni kumkosea heshima. Mbwa naye hugundua haraka nani hamtaki.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kwenda kumtazama mbwa lingekuwa hili: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nani atakuwa kati ya wawili hawa? Iwapo hakuna jibu, suluhisho ni kuwatenganisha. Kizuizi cha mbao au cha waya mlangoni, kile kile kinachotumiwa kumzuia mtoto asipande ngazi, hutosha kwa mbwa wa kilo 5. Mbwa awe na pahali pake, kikapu au kizimba, ambapo mtoto haruhusiwi kutia hata kidole.

Mtoto naye hufundishika, kwa kiasi cha umri wake. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni ya sakafu: anayetaka kumshika mbwa aketi chini, mbwa aje mwenyewe. Hakuna kumbeba ukiwa umesimama. Asiguswe anapokula wala anapolala. Apapaswe kifuani au begani badala ya kupigwapigwa utosini. Mtoto wa miaka 6 huyashika haya. Wa miaka 2 hawezi, na si kosa lake.

KICHAA CHA MBWA NA MINYOO

Wapo wanaoamini kuwa mbwa asiyetoka nje ya nyumba hahitaji chanjo. Imani hiyo ni ya hatari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba takriban asilimia 40 ya wahasiriwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, nguzo yake ikiwa ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wa ghorofani naye yumo katika hesabu hiyo. Hushuka ngazi kwenda haja, hukutana na mbwa koko langoni, na siku moja lango huachwa wazi. Achanjwe akiwa na umri wa miezi 3, kisha kwa ratiba atakayopewa na daktari, ambayo kwa kawaida hapa nchini ni kila mwaka. Cheti kihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa hadi ngozi kuchubuka, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na jeraha ni dogo. Lisipakwe pilipili, mafuta ya taa wala majani. Watoto wengi huficha wakihofia mbwa wao atachapwa au atatolewa. Waambiwe mapema kuwa hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema.

Kuhusu minyoo, watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa nayo tayari, kwa kuwa huipata tumboni mwa mama yao. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mtoto anayechezea mchanga kisha akatia vidole mdomoni huyameza. Viluwiluwi vyake huweza kufika hata jichoni. Mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, na kuendelea kila wiki mbili kwa muda. Muuzaji asiyeweza kukuambia ni lini alitoa dawa hiyo, pengine hakuitoa.

UNAPOKWENDA KUMCHUKUA

Biashara ya watoto wa mbwa imeshamiri mitandaoni na kando ya barabara, hasa Desemba inapokaribia. Mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, kwani ni katika wiki hizo anapojifunza kutoka kwa ndugu zake kiasi gani cha kuuma ni kingi mno. Muuzaji akikutaka mkutane kwenye kituo cha mafuta, na mama wa mbwa haonekani, achana naye. Tabia ya mama ni kielelezo kizuri cha tabia ya mwana, na mbwa waliozalishwa ovyo mara nyingi huja na ugonjwa wa parvo, unaowaua katika siku chache za kuhara damu, mtoto akitazama.

Piga hesabu ya miaka pia. Mbwa hawa wadogo huishi kwa muda mrefu, wengi wao kati ya miaka 12 na 16. Anayeletewa mtoto wa miaka 4 leo atakuwa bado yupo, kiziwi na mwenye mtoto wa jicho, mtoto huyo akimaliza shule ya upili.

Kwa familia nyingi zenye watoto wa chini ya miaka 6, ningependekeza mbwa ambaye hayumo hata katika orodha hii: chotara wa kienyeji wa kilo 10 au 15, mwenye umri wa miaka 2 au 3, ambaye tabia yake imeshajulikana. Shirika la KSPCA, ambalo limekuwapo nchini tangu enzi za ukoloni, huwatafutia makao mbwa kama hao. Nendeni naye mtoto, mketi sakafuni, mwone mbwa atafanya nini mtoto anapopiga kelele. Akija mwenyewe huku mwili umelegea na mkia ukicheza, rudini tena wiki inayofuata mwone kama atafanya vivyo hivyo.